Njia ya Tanga na Pangani, na Haki Zake



Ziko barabara kubwa ambazo kila mtu azijua kwa majina, kwa kuwa hupita nchi na nchi na kubeba malori usiku na mchana. Na ziko barabara fupi, matawi tu ya zile kubwa, ambazo katika ramani huonekana kama uzi uliochomoka kwenye nguo. Msafiri wa mbali hana habari nazo. Lakini kwa watu wa miji miwili iliyo jirani, hizo ndizo barabara za maisha yao. Juu yake hupita bibi arusi na vyombo vyake, mgonjwa na muuguzi wake, samaki na nazi za sokoni, mtoto aendaye shule, na jeneza la marehemu arudishwaye kwao.

Mwezi huu twapenda kuzungumza na jamaa za Kiislamu, khususan vijana, juu ya barabara moja ya namna hiyo. Nayo ni ile itokayo Tanga kwenda Pangani, katika pwani ya kaskazini ya Tanzania. Urefu wake ni kilomita 50 hivi, wala si safari ya kumchosha mtu. Tumeichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba habari zake za zamani zina mafunzo makubwa juu ya namna miji inavyoinuka na kuanguka. Ya pili ni kwamba barabara hii imo katika kubadilika, na kila njia inapobadilika, watu wakaao kando yake hupata jambo na hupoteza jambo. Hapana budi wajue mapema ni lipi watakalolipata na ni lipi watakalolipoteza.

Njia yenyewe

Mtu akitoka Tanga kuelekea kusini, bahari huwa mkono wake wa kushoto, ingawa aghalabu haioni, kwa kuwa imefichwa na minazi na mikoko. Upande wa bara huona mashamba ya mkonge, mistari iliyonyoka hata jicho likachoka kuifuata. Hupita karibu na Machui, pande za kijiji cha Vibambani, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909 na alikozikwa mwaka 1962. Kisha, kiasi cha kilomita 17 kutoka mjini, hufika Tongoni. Mbele zaidi ipo Kigombe, kijiji cha wavuvi na wakulima. Mwisho wa njia ni Pangani, mji mkongwe uliojengwa mahali mto unapoingia baharini. Ng'ambo ya mto ni Bweni, na tangu zamani mwenye kutaka kuvuka aliomba chombo.

Sisi tumeipita njia hii zaidi ya mara moja, na safari tuikumbukayo zaidi si ile iliyokwenda vizuri. Ilikuwa masika, wakati barabara ingali ya udongo, na gari letu likanasa katika tope mahali pasipo nyumba. Abiria wote tukashuka. Akina mama walisimama chini ya mnazi na watoto wao, na sisi wanaume tukasukuma bila ya faida. Haukupita muda, wakatokea vijana wa kijiji cha karibu, wamesikia mvumo wa gari. Walikata makuti, wakayatandika chini ya magurudumu, wakasukuma nasi hata gari likatoka. Tulipotaka kuwapa chochote walikataa, wakasema watu wa njia moja hawalipani. Bibi mmoja akawapa embe zake, nazo wakazipokea kwa furaha. Tutalirejea jambo hili mwisho wa maneno yetu.

Mji uliobaki makaburi

Msafiri apitaye njia hii asiache kusimama Tongoni. Hapo pana magofu ya msikiti wa kale na makaburi yapatayo arobaini, mengine yakiwa na nguzo za mawe, kazi ya mafundi wa karne ya kumi na nne na ya kumi na tano. Ni mahali pachache katika pwani yetu palipokusanya makaburi ya nguzo mengi namna hii. Mwaka 1498 merikebu za Vasco da Gama zilipita katika maji hayo, na moja yake, iitwayo São Rafael, ikapanda mwamba. Waliporudi kutoka Bara Hindi mwaka 1499, Wareno waliichoma moto papo hapo, kwa kuwa mabaharia wao wengi walikuwa wamekufa na hawakubaki watu wa kutosha kuendesha merikebu zote.

Wakati ule Tongoni ilikuwa mji wenye watu, msikiti na biashara ya bahari. Wareno walipoingia, biashara ya pwani ikachukua mkondo mwingine, nayo Tongoni ikapungua kidogo kidogo. Leo wavuvi hupita kando ya mihirabu iliyo wazi kwa jua. Twayataja haya mwanzoni ili kijana asidhani kwamba mji, kwa kuwa una nyumba za mawe, basi utadumu. Mji hulishwa na njia zake. Njia zikihama, mawe hubaki peke yake.

Pangani ilipokuwa mlango

Katika karne ya kumi na tisa, lau mtu angaliuliza upi ni mji mkubwa wa biashara kati ya Tanga na Pangani, wengi wangalijibu ni Pangani. Mji huo ulikuwa mlango wa misafara iendayo Usambara, Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Pembe za ndovu zilishuka kwa njia hiyo, na nguo na shanga zikapanda. Kandokando ya mto Waarabu na Waswahili walilima miwa na kupika sukari. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Pangani na kupanda mpaka Fuga katika milima ya Usambara, kabla ya safari yao mashuhuri ya kwenda Tanganyika.

Lakini mwandishi wa kweli haandiki sifa tupu. Njia za pwani hii zilibeba pia dhuluma kubwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mapatano ya kukataza kusafirisha watumwa baharini. Wafanyabiashara wasio na huruma wakageuza safari: wakawaendesha watu kwa miguu kutoka Kilwa, wakifuata pwani kwenda kaskazini, na Pangani ikawa mahali pa kuwapakia kwa siri kuwavusha Pemba. Mwaka 1876 Sultani alitoa amri ya kukataza na misafara hiyo ya nchi kavu. Basi tunapokwenda leo kwa starehe katika njia za pwani, tukumbuke kwamba wako binadamu waliopita pande hizi wakiwa na minyororo shingoni, na wengine hawakufika. Njia haina dhambi. Dhambi ni ya mwenye kuitumia vibaya.

Kisha ukaja mwaka 1888. Kampuni ya Wadachi, kama wazee wetu walivyowaita Wajerumani, ilipewa na Sultani kuisimamia pwani, na mwezi wa Agosti wakaanza kutweka bendera yao. Huko Pangani mwakilishi wao, Emil von Zelewski, aliwatendea watu kwa jeuri, hata askari wakaingia msikitini na mbwa. Watu wa pwani wakasimama, na Abushiri bin Salim akawa kiongozi wao mashuhuri. Vita vilienea katika miji mingi. Mwezi wa Julai 1889 majeshi ya Hermann von Wissmann yaliteka Pangani na Tanga, na tarehe 15 Desemba mwaka huo huo Abushiri akanyongwa Pangani.

Reli ilipogeuza uso

Mtu aweza kudhani kwamba vita hivyo ndivyo vilivyoishusha Pangani. La, hasha. Miji mingi imepigwa vita ikainuka tena. Kilichoishusha Pangani kilikuwa jambo la kimya zaidi, nalo ni uamuzi wa mahali pa kuanzia reli.

Mdomo wa mto Pangani una fungu la mchanga ambalo majahazi hulivuka maji yakijaa, lakini merikebu kubwa haziwezi. Tanga ina ghuba yenye kina, iliyokingwa na upepo. Basi mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga. Mwaka 1896 ilifika Muheza, na mwaka 1911 ikafika Moshi, chini ya mlima ule ule wa Kilimanjaro uliokuwa ukipeleka mali yake Pangani kwa vichwa vya wapagazi. Mzigo uliotembea majuma sasa ukapanda gari la moshi. Hapana aliyeipiga Pangani wala aliyeifunga milango. Mizigo iliacha tu kupita.

Hata mkonge una kisa chake. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, na iliyofika ikiwa hai haikuzidi 62. Katika kuipanda na kuizidisha, shamba la Kikogwe, jirani na Pangani, lilikuwa mahali pa kwanza. Kutoka miche hiyo michache ndipo lilipotokea zao lililoifanya Tanganyika kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, na mwaka 1964 mavuno yalipita tani 200,000. Lakini bandari ya kuupeleka ng'ambo, ofisi, benki na karakana zilikuwa Tanga. Pangani ilipanda mbegu, na Tanga ikafungua duka. Baadaye nyuzi za viwandani ziliangusha bei ya mkonge, na hata Tanga yenyewe ikaonja machungu ambayo jirani yake alikwisha kuyaonja.

Tangu reli ilipojengwa, barabara ya Tanga na Pangani ikawa tawi lisilo na tunda mbele yake. Ilifika mtoni ikakoma. Mwenye kwenda Dar es Salaam kutoka Tanga alikwenda bara, Segera na Chalinze, ile njia kuu. Hapana aliyepita Pangani isipokuwa mwenye shughuli ya Pangani. Mji ukabaki na nyumba zake za ghorofa, milango yake ya nakshi na utulivu wake. Vijana wake wengi wakaondoka kwa njia hiyo hiyo fupi, na wengine hawakurudi isipokuwa kwa Idi na msiba.

Tawi linapogeuka shina

Sasa mambo yanageuka. Mwaka 2019 kazi ya kuitia lami barabara hii iliingia katika mpango mkubwa zaidi wa barabara ya pwani itokayo Bagamoyo, ipite Makurunge, Saadani na Pangani, ifike Tanga, iendelee Horohoro mpaka Lunga Lunga na Malindi upande wa Kenya. Mwezi wa Desemba mwaka huo Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wa awamu ya kwanza. Na jambo kubwa kuliko yote katika mpango huo kwa watu wa Pangani ni daraja la urefu wa mita 525 juu ya mto wao.

Wasomaji wetu walifikiri neno hili. Kwa zaidi ya miaka mia, Pangani ilikuwa mwisho wa njia. Daraja maana yake ni kwamba mji huo utakuwa katikati ya njia. Tawi litakuwa sehemu ya shina. Mtu wa Mombasa aendaye Dar es Salaam ataweza kupita hapo, na lori, na basi, na mtalii.

Faida zake haziwezi kukanushwa na mtu mwenye akili. Mama mwenye uchungu wa uzazi usiku wa masika hatangoja tope likauke. Mvuvi wa Kigombe atafikisha samaki wake sokoni wangali wabichi. Mwalimu hatakataa kupelekwa shule ya mbali. Husimuliwa kwamba Sayyidna Umar, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, aliogopa kuulizwa na Mola wake juu ya mnyama atakayejikwaa katika nchi ya Iraki kwa sababu njia haikutengenezwa. Ikiwa mtawala aliuogopa mguu wa mnyama, basi mguu wa mwanamke mjamzito una haki kubwa zaidi. Kwa hiyo hatumo miongoni mwa wale wapendao matope ili mji ubaki wa kale.

Lakini historia tuliyoieleza inatuonya. Reli iliipitia Pangani mbali, na Pangani ikasahauliwa. Barabara kuu itaipitia Pangani karibu kabisa, na bado mji waweza kusahauliwa, kwa kuwa mwenye gari la mbio aweza kuupita mji mzima asiteremke hata kununua maji. Mji huweza kupungua kwa kukosa njia. Huweza pia kuwa na njia nzuri ukapungua, ikiwa watu wake hawana watakalolishika isipokuwa vumbi la wapitao. Lililo muhimu zaidi, basi, ni mambo watakayokuwa nayo watu wa kandokando siku barabara itakapokamilika. Mambo hayo ni matatu: ardhi yao, watoto wao na adabu yao.

Haki ya kwanza: ardhi na mirathi

Barabara inapokuja, bei ya ardhi hutangulia mbele yake. Hapo ndipo zinapoingia fitina katika nyumba. Shamba la minazi la marehemu babu, ambalo kwa miaka mingi hapana aliyelijali, ghafla hupata mnunuzi aliyevaa miwani. Katika warithi sita, mmoja aliye karibu hulipokea fungu la fedha na kutia sahihi. Dada zake walioolewa mbali husikia habari baada ya mwaka, na mtoto yatima mwenye sehemu yake hasikii kabisa.

Ndugu zetu, mirathi ni sheria ya Mwenyezi Mungu, na haibatiliki kwa sababu lami imefika. Sehemu ya mwanamke ni sehemu yake, na mali ya yatima ni moto tumboni mwa mwenye kuila. Mtume, sala na amani zimshukie, ameonya kwamba mwenye kudhulumu ardhi hata kiasi cha shibiri atabebeshwa adhabu yake kutoka ardhi saba. Basi kabla ya barabara kufika, kila jamaa yenye shamba kando ya njia ifanye mambo mawili. Kwanza, wakae chini na mwanachuoni au kadhi, mirathi igawanywe na kuandikwa. Pili, waende katika serikali ya kijiji chao kuuliza hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imewapa njia ya kuipata. Karatasi ile ni ngao kwa mjane kuliko maneno ya mashahidi kumi waliokwisha kufa.

Kadhalika, mtu asijenge katika hifadhi ya barabara kisha akalia siku ya kubomolewa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya njia. Wengi wameiona ile alama ya X iliyopakwa ukutani, nyekundu kwa aliyejiingiza katika hifadhi ya zamani, na ya kijani kwa aliyefikiwa na upanuzi, ambaye ana haki ya fidia pindi ardhi yake itakapotwaliwa. Tofauti ya rangi hizo mbili kwa mwenye nyumba ni tofauti ya kulala na kukesha. Na wasomaji wasidhani kwamba upana wa njia ni jambo geni lililoletwa na serikali za leo. Katika mafundisho ya Mtume yamo kwamba watu wakigombania upana wa njia, na iwe dhiraa saba. Kwa ngamia na punda dhiraa saba zilitosha. Kwa lori hazitoshi. Lakini kanuni ni moja: njia ni ya wote, na mtu asiilime.

Haki ya pili: roho za watoto

Barabara ya matope ilikuwa na shida nyingi, lakini ilikuwa na huruma moja: haikumruhusu dereva kukimbia. Lami huondoa shida na huondoa na huruma hiyo. Kijiji ambacho watoto wake walizoea kuvuka njia wakicheza hujikuta siku moja kikikatwa vipande viwili, shule upande huu na kisima upande ule.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba ndizo ziuazo zaidi kuliko maradhi yoyote katika umri wa miaka 5 mpaka 29. Shirika hilo limeeleza pia kwamba mwenda kwa miguu akigongwa na gari liendalo kilomita 65 kwa saa, hatari ya kufa ni zaidi ya mara nne kuliko likienda kilomita 50. Tofauti ya kilomita 15 tu! Katika safari ya kilomita 50, mwenye kwenda 65 humtangulia mwenye kwenda 50 kwa dakika chini ya kumi na nne. Kijana wa bodaboda na aulize nafsi yake: ni jambo gani linalomngoja Pangani ambalo haliwezi kungoja dakika kumi na nne? Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na sheria ya Tanzania ikasema kilomita 50 kwa saa katika makazi ya watu. Wahenga na sheria wamekubaliana, tusiwe sisi wa kuwapinga.

Wazazi nao wana kazi yao. Mtoto afundishwe kuvuka njia kama afundishwavyo kutawadha, kwa vitendo na kwa kurudia, si kwa kugombezwa mara moja. Wazee wa kijiji wasingoje msiba ndipo waombe matuta na alama mbele ya shule na chuo cha Kurani. Na waombe kwa barua iliyoandikwa vizuri na kutiwa sahihi na watu wengi, kwa kuwa malalamiko ya barazani hayafiki ofisini.

Haki ya tatu: adabu ya njia

Mtume, sala na amani zimshukie, aliwakataza masahaba zake kukaa njiani. Walipomweleza kwamba hawana budi, kwa kuwa ndipo wazungumzapo, aliwaagiza wampe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Na katika mafundisho yake mengine, kuondoa chenye kuudhi njiani ni tawi la imani, na ni sadaka.

Tukiyapima mafundisho haya na barabara mpya, twaona yanatosha. Kuinamisha macho ni kumwacha binti apite kituo cha basi bila ya kupigiwa miluzi. Kuzuia maudhi ni kutokwenda mbio kijijini, kutotupa chupa dirishani, kutoegesha lori penye kona. Kurudisha salamu ni kumkaribisha mgeni na kumuuzia kwa bei ya haki, asije akasimulia mbele kwamba Pangani ni mji mzuri wenye watu wabaya. Kuamrisha mema na kukataza maovu ni kumwambia dereva wetu, sote kwa pamoja na kwa upole, apunguze mwendo, badala ya kunyamaza kisha tukaandikwa katika gazeti la kesho yake.

Na hapa twarejea kwa vijana wale wa makuti. Siku ile matope ndiyo yaliyotukutanisha. Lau barabara ingalikuwa ya lami, tungalipita kijijini kwao tukisinzia, wala tusingalijua kwamba kipo. Hatuombi matope yarudi. Twasema hivi tu: zamani shida ya njia ilitulazimisha kujuana, na sasa shida hiyo inaondoka. Kilichokuwa kikifanywa kwa dharura hapana budi kifanywe kwa nia. Mwenye gari asimame Tongoni awasomee fatiha waliolala pale. Anunue samaki Kigombe kwa mvuvi mwenyewe. Aliyetoka Pangani akafanikiwa Tanga au Dar es Salaam, na ajue kwamba udhuru wa ubaya wa njia umekwisha. Mama yake yu umbali wa saa moja, wala si lazima angoje Idi.

Vijana wa Pangani nao tuna neno kwao. Barabara haina hiari ya upande. Mguu uendao Tanga kutafuta kazi ndio uwezao kurudi na ufundi. Jifunzeni useremala wa milango ile ya nakshi kabla mafundi wake hawajaisha. Jifunzeni habari za mji wenu, mpate kumwonyesha mgeni boma na mto na mahali pa Abushiri, kwa ulimi wenu wenyewe. Mkiacha, atakuja mtu wa mbali aziseme kwa niaba yenu, na malipo yatakuwa yake.

Tongoni ilibaki makaburi. Pangani ilibaki nyumba tulivu. Mwenyezi Mungu ameipa tena njia, na si kila mji hupewa mara ya pili. Twamwomba awape watu wa miji hii miwili baraka za barabara yao na awakinge na shari zake, awajaalie wawe watu wa njia moja kama walivyokuwa.

Wabillahi tawfiq.